Wakuu, viporo vimenizidi. Mnaachanaje na hii tabia ya "nitafanya kesho"?

Segerea Mwisho

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Niingie kwenye mada moja kwa moja maana nikianza kuzunguka nitaiacha nusu. Mimi ni baba wa mtoto mmoja, nakaa Segerea, nafanya na kampuni moja ya uwakala wa forodha, yaani sisi ndo tunaotoa mizigo ya watu bandarini. Kazini sina shida kabisa na hili naomba mlielewe kabla hamjaanza kunitukana. Kontena likishuka nafukuzia DO (ile hati ya kuruhusu mzigo utoke) kwa wenye meli, naingiza nyaraka, nabanana na watu wa ukaguzi, kwa sababu zile siku za bure zikiisha gharama ya storeji inaanza kuhesabu na mteja anajua kupiga simu saa tano usiku. Ukimuuliza bosi wangu nani mtu wa uhakika pale ofisini atanitaja mimi.

Shida inaanza nikivuka mlango wa nyumbani kwangu. Mambo yangu binafsi yote ni viporo, Simba na Yanga wakirudi kutoka mechi za CAF hawana viporo kama vyangu. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa mpaka leo. Tangazo la kizazi tulilopewa hospitali ninalo, liko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati pamoja na kadi ya kliniki na kalamu nyeusi niliyonunua maalum kwa ajili ya kujazia fomu, juzi nimeijaribu kalamu imekauka. Mtoto mwenyewe saa hizi anaimba wimbo wa taifa. Kiwanja cha Chanika mradi wa urasimishaji wa viwanja ulishapita, bikoni za mipaka zimewekwa, majirani wana hati zao ndani, mimi bado kumalizia malipo na kupeleka nakala zangu kwa mwenyekiti wa kamati ya mradi. Leseni ya udereva inaelekea kuisha. Jino la nyuma kushoto linauma, badala ya kwenda hospitali nimehamia kutafuna upande wa kulia.

Na sio kwamba sijajaribu. Diary nimenunua, programu za kupanga ratiba nimeshusha mpaka simu imelalamika nafasi imejaa, kila Jumapili usiku naandika orodha safi na rangi zake, yaani kuandika orodha ndo kitu pekee ninachofanya kwa wakati. Jumatatu ikifika naiangalia, moyo unakuwa mzito, naisogeza mbele. Kinachoniuma ni kwamba haya mambo hata sio magumu, mengine ni ya nusu saa tu, ila yananikaa kichwani mchana kutwa.

Waliotoka huku naombeni njia. Wa kejeli pia karibuni ila muache na ushauri kidogo.

Tutafika Tu

Uzi mzuri sana mkuu, nitausoma kesho.

chaurembo

😂😂 Nimekufa kwenye jino. Mkuu na upande wa kulia nao ukianza utahamia wapi?

Mzee wa Upanga

Marahaba kijana. Hilo tatizo lako halina jina jingine, ni uvivu. Sisi tulikuwa tunaamka saa kumi na moja alfajiri, tunagombania mabasi ya UDA, kabla ya saa nne mambo yote ya serikali yamekwisha na kazini unaonekana. Nyie mnalala na simu mkononi mnaamka nayo halafu mnatafuta maneno makubwa makubwa. Amka mapema, maliza. Hakuna siri nyingine.

Segerea Mwisho

Mzee wangu nakuheshimu ila mimi naamka saa kumi na nusu kila siku kuwahi foleni. Mvivu gani anaamka saa kumi na nusu?

dada Mwanne

Shikamoo Mzee wa Upanga, samahani napita mbele yako kidogo.

Mleta uzi hebu nikuulize swali moja tu. Shule walipotaka kopi ya cheti cha mtoto walimpigia simu nani?

Segerea Mwisho

Walimpigia mama yake.

dada Mwanne

Haya. Sasa umesema vyote viporo "vinakukaa kichwani" lakini huyo ndo anayevila. Mwalimu anamuuliza yeye, anaona aibu yeye, anadanganya yeye kwamba "baba yake anafuatilia". Jino likikuuma usiku anayeamka kukuchemshia maji ya chumvi ni yeye. Sikugombezi kaka yangu, ila nimeolewa mwaka wa kumi na mbili huu na mume wangu ni wewe mtupu, kwa watu mwepesi kama bajaji, kwa nyumba yake mzito. Bomba la jikoni lilivuja mpaka nikazoea kuweka ndoo, siku wageni wa ofisini kwake walipotaka kuja akaleta fundi asubuhi ya siku hiyo hiyo. Nilikaa kimya lakini nilielewa kitu siku ile.

Na mzee wangu kuhusu uvivu, sijawahi kuona mwanamke mwenye mtoto mchanga anaahirisha kliniki. Sio kwamba wote tuna nidhamu, wengine humu hata kitanda hatutandiki. Tarehe imeandikwa kwenye kadi, usipokwenda nesi atakuuliza mbele ya mabenchi yote. Ndo hiyo tu.

Kijumbe wa Buguruni

Dada Mwanne umenitoa mafichoni, nilikuwa nasoma tu.

Mimi ni kijumbe, naendesha mchezo wa akina mama sokoni, yaani wanachanga kila siku na mmoja anapokea kwa zamu, na nina wenye meza za nyanya, dagaa, mitumba, mama lishe wawili. Nina mama mmoja pale (namfahamu mpaka ukoo) ambaye peke yake hawezi kutunza hela hata ya siku mbili, akiiweka kwenye simu anaitoa, akiiweka chini ya godoro watoto wanaumwa ghafla. Lakini mchezo hajawahi kukosa. Saa kumi jioni nikipita na daftari yeye ndo wa kwanza kufungua fundo la khanga. Nikamuuliza siku moja, mama fulani mbona hii unaweza? Akanijibu, hii sio yangu, ni ya mwenzangu wa zamu.

Sasa mwangalie huyu kaka. Bandarini ana vijumbe watatu, mteja, bosi na hiyo storeji. Nyumbani hana hata mmoja, mkopeshaji ni yeye na mdaiwa ni yeye, watasameheana mpaka kiama. Kwa hiyo wewe usitafute diary nyingine. Tafuta kijumbe.

Tutafika Tu

Hapo kwenye mkopeshaji ni yeye na mdaiwa ni yeye nimeamka nimekaa kitako.

Karani wa Kariakoo

Naunga mkono kwa ushahidi wa kazini. Natunza mahesabu ya wenye maduka Kariakoo. Kila mtu anajua kodi za mishahara mwisho tarehe 7, ritani za VAT mwisho tarehe 20, awamu za makadirio zinajulikana Machi, Juni, Septemba na Desemba, hazijafichwa. Simu yangu inaanza kuita tarehe 19 usiku. "Karani upo? Risiti nakutumia sasa hivi." Anakutumia picha za risiti zilizofifia nusu yake hazisomeki, mfumo nao siku hiyo umeelemewa kwa sababu nchi nzima imekumbuka usiku mmoja. Hawa sio wavivu, Mzee wa Upanga, hawa ni watu wanafungua duka saa kumi na mbili asubuhi.

Lakini nataka niseme kitu kuhusu kodi ya jengo maana nadhani ndani yake kuna jibu la huyu kijana. Zamani ilikuwa inalipwa kwa kwenda, watu wanapanga foleni wiki ya mwisho, wengine miaka inapita. Tangu Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, ukinunua umeme inakatwa humo humo, nyumba ya kawaida sasa hivi ni 1,500 kwa mwezi. Tunaweza kulalamika kuhusu mpangaji kumlipia mwenye nyumba, huo ni uzi mwingine na nina hasira nao. Ila niambieni, nani tena anaahirisha kodi ya jengo? Hakuna Mtanzania aliyebadilika tabia hata mmoja. Kilichobadilika ni kwamba kimening'inizwa kwenye kitu ambacho hakikusubiri, giza likiingia utanunua tokeni tu upende usipende.

Kwa hiyo malipo ya kiwanja weka maagizo benki wakate siku mshahara unaingia, kabla hujauona. Leseni, ifunge na siku ambayo gari unalipeleka kukata bima, iwe safari moja. Tafuta kitu ambacho tayari kinakukimbiza na ukibebeshe hicho kingine.

Na hili la tarehe za mwisho tusijidanganye ni letu sote. Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole? Mwisho ilikuwa 31 Desemba 2019, watu tukalala, ikaongezwa mpaka 20 Januari 2020, tukalala tena mpaka siku za mwisho tukajazana kutafuta namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa. Tumeshajifunza kwamba ya mwisho huwa sio ya mwisho.

novemba_tena

Nimeumia. Mimi ni mhasibu, mitihani ya bodi ya uhasibu, ile ya CPA, ni Mei na Novemba. Kila Mei nasema Novemba, kila Novemba nasema Mei. Jina langu humu mnaliona.

Mlimani Blok F

Niko masters hapo Mlimani, dissertation yangu imekwama kwenye sura ya pili kwa muda ambao sitautaja. Nimesoma sana kuhusu kuahirisha (ndiyo, nimesoma kuhusu kuahirisha badala ya kuandika, msinicheke). Kuna watafiti wawili wa saikolojia, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha sio tatizo la kupanga muda, ni namna mtu anavyotuliza hisia zake kwa muda mfupi. Yaani ukiifikiria kazi kuna kitu kibaya unakisikia, woga, uchovu, kutojua uanzie wapi, unakwepa ile hali, unapata nafuu ya dakika kumi, halafu kazi iko pale pale na sasa imeongezeka na hatia. Mimi nikifungua lile faili ghafla naona vyombo vichafu, naviosha vizuri mno. Chumba changu hakijawahi kuwa kisafi kama msimu wa dissertation.

Kwa hiyo mleta uzi orodha yako ya rangi rangi haitakusaidia sana, maana inapanga muda wakati shida iko kifuani.

Kinachonisaidia kidogo ni ile ya dakika 25, aliianzisha Mtaliano Francesco Cirillo alipokuwa mwanafunzi, mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuwa na saa ya jikoni yenye umbo la nyanya ndo maana inaitwa Pomodoro. Dakika 25 kazi, 5 unapumzika. Mimi simu naiacha kwa dada wa stationery nje ya geti anayechaji simu za watu, namlipa kama naichaji, namwambia usinipe mpaka saa saba hata nikilia. Nimeshamlilia, hakunipa.

chaurembo

Huyo dada wa stationery nipeni namba yake aje kunichukulia yangu.

Vingunguti Kwetu

Hayo ya nyanya ya Mtaliano yanafaa huko kwao. Huku kwetu dakika 25 utakaa wapi, jirani ana spika, mtoto anataka hela ya barafu, umeme umekatika, mwenye nyumba anagonga. Tuleteeni ya kwetu.

Mlimani Blok F

Kaka ndo maana mimi naenda maktaba. Ila una hoja, sio kila mtu ana maktaba.

Tarishi Namba Moja

Naomba nichangie mimi ambaye sijasoma ila nimetumwa sana. Ni tarishi wa ofisi moja mjini, huu mwaka wa nane natembea na bahasha za watu. Mnachokosea wote mnapanga mambo kwa orodha. Dar haipangwi kwa orodha. Dar inapangwa kwa njia.

Angalieni. Huyu kaka ameandika cheti, kiwanja, leseni, jino. Kila kimoja kichwani kwake ni siku nzima, na ni kweli, kutoka Segerea kwenda mjini na kurudi kwa ajili ya karatasi moja asubuhi yote imeondoka, ndo maana moyo unakuwa mzito. Mimi nikipewa bahasha sita siulizi ipi ya haraka kwanza, nazipanga kwenye mkono kama ninavyopita. Naanza Ilala, naingia Kariakoo, natembea kwa miguu mpaka Posta, naishia Kivukoni, narudi na mwendokasi. Za Mwenge na Mikocheni hizo ni za kesho, hata mtu akilia. Wewe tenga siku yako ya upande wa mjini na siku yako ya upande wa Chanika, vitu vya upande mmoja vyote viishe siku hiyo, usichanganye.

La pili ambalo ndo kubwa. Watu hawarudi ofisini sio kwa sababu wanaahirisha, ni kwa sababu mara ya kwanza walirudishwa. Ulisahau kopi, ulisahau picha, ulisahau barua ya serikali ya mtaa, ukaambiwa njoo kesho, hamu ikaishia pale pale kwenye ngazi. Mimi nina pochi ya plastiki ya zipu haitoki begani, ndani kuna kopi tano za kitambulisho cha NIDA, picha pasipoti nne, kalamu mbili za bluu na mbili nyeusi, gundi, na chenji ya kutosha kwa ajili ya kutoa kopi. Nikifika dirishani hakuna kitu wataniambia nimekosa. Andaa hiyo pochi kwanza hata kabla hujajua unaenda lini. Ukishakuwa nayo mguu unakuwa mwepesi wenyewe.

Segerea Mwisho

Mkuu Tarishi, umenisoma mpaka ndani. Cheti nilishaenda mara moja nikaambiwa nimesahau kopi ya kitambulisho cha mama. Bahasha ndo ikapanda kabatini siku hiyo.

nesi wa zamu

Nipite kwa haraka niko zamu. Mengi hapa ni ya kawaida ila kuna watu kuahirisha kwao ni dalili. Kama hata vitu ulivyokuwa unavipenda huna hamu navyo, usingizi umeharibika, unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona. Na kama tangu utoto umekuwa mtu wa kusahau, kuanzisha kumi bila kumaliza, kushindwa kutulia hata kwenye vitu muhimu, kuna hali inaitwa ADHD, ipo kwa watu wazima pia sio ya watoto wa kizungu tu. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa utaelekezwa. Mtu wa hivyo kumwambia "amka mapema" ni kumpoteza.

Na wewe mleta uzi jino nenda. Usaha wa jino sio wa kuchezea.

Karani wa Kariakoo

Nataka nimpinge kidogo Kijumbe, kwa heshima. Aibu inasukuma ndiyo, lakini ikizidi inafukuza. Nina mteja alikosa ritani ya mwezi mmoja, akaona aibu kunipigia, akakosa wa pili, adhabu zikajumlika, sasa akiniona mtaa wa Msimbazi anavuka barabara. Mtu mzima, ana maghala. Deni la kwanza lilikuwa dogo kabisa, kilichomuua ni kunikwepa.

Segerea Mwisho

Hii ndo ya kiwanja. Nitasema ukweli maana hamnijui. Hela ya kumalizia nilikuwa nayo. Nilimuahidi mwenyekiti wa kamati kwamba wiki ijayo namletea nakala, wiki ikapita, nikapata safari ya kikazi, nikarudi nikaona aibu kwenda mikono mitupu, ukapita mwezi, na kadri unavyopita ndo inakuwa mbaya zaidi kwa sababu sasa nahitaji na maelezo ya kwa nini nimechelewa. Siku hizi nikienda Chanika kuangalia kiwanja napitia njia ya nyuma nisipite ofisini kwake. Nalipa boda zaidi kwa ajili ya kumkwepa mtu ambaye sijui hata kama ananikumbuka.

dada Mwanne

Analipa boda zaidi 😭 Yesu wangu

Kijumbe wa Buguruni

Karani hujakosea, na hiyo ndo kazi yenyewe ya ujumbe watu hawaijui, wanadhani ni kupita na daftari tu. Mama akikosa siku moja ukimfokea, kesho hutamkuta mezani kwake, atamuachia mtoto meza akajifiche chooni. Nimepoteza wawili hivyo nikiwa mgeni wa hii kazi. Siku hizi mtu akiniambia leo sina, namwambia lete nusu. Hana nusu, lete mia tano. Hana mia tano, njoo tu unisalimie nikuandike umefika. Jina halibaki wazi. Kesho yake analeta kwa sababu hajavunja, bado yumo.

Kwa hiyo kaka hati ni kubwa, achana na hati. Lete mia tano. Wewe kesho kazi yako ni kumsalimia mwenyekiti kwa simu, basi. Usimueleze ulikuwa wapi. Mtu anayeanza na maelezo ndo anayeonekana ana kosa.

Vingunguti Kwetu

Sasa hii ndo ya kwetu niliyokuwa naitaka.

novemba_tena

Mama Kijumbe, kwa nini usitufungulie mchezo wa viporo hapa hapa? Kila mtu anaweka elfu ishirini kwako, anataja kiporo kimoja na siku yake. Akileta ushahidi anarudishiwa yake, asipoleta inaenda kwa anayefuata kwenye zamu.

chaurembo

Naogopa ila nataka.

Kijumbe wa Buguruni

Hela za watu nisiowajua mtandaoni sishiki, kesho mtanianzishia uzi wa utapeli. Ila daftari nitashika. Hela kila mtu amuwekee mtu wake wa karibu anayemuogopa, mke, dada, mama mkwe, na huyo mtu ajue sharti. Mimi naandika jina, kiporo, siku, na saa kumi jioni ya siku hiyo naita jina hapa. Kiporo kimoja tu kwa mtu. Anayetaja viwili simuandiki. Nusu inakubalika. Kimya hakikubaliki.

Segerea, wewe kipi?

Segerea Mwisho

Jino... hapana. Mwenyekiti. Jumatano. Elfu ishirini nampa mke wangu na amesema anaomba nishindwe.

Mlimani Blok F

Kurasa mbili za sura ya pili, Ijumaa. Mbovu zinaruhusiwa?

Kijumbe wa Buguruni

Mbovu ndo nusu yenyewe. Nimeandika.

novemba_tena

Kujisajili mtihani. Jumatatu. Jamani naandika huku natetemeka.

Tarishi Namba Moja

Segerea nikushauri, Jumatano nenda asubuhi kabla hawajatoka kwenda saiti, na pitia njia ya mbele.

Segerea Mwisho

Wakuu mrejesho. Ni Jumatano saa nane mchana, Kijumbe hajaita jina nimekuja mwenyewe.

Jana nilipiga simu, nikasalimia, nikasema kesho nakuja, mzee akasema karibu. Nikaenda na pochi ya zipu kama ya Tarishi, kopi, picha, kalamu, risiti za malipo ya mwanzo, barua ya mtaa. Nimekaa benchini moyo unanidunda kama nasubiri hukumu, nimeandaa maneno yangu yote ya kuomba radhi pamoja na kwamba Kijumbe alinikataza. Zamu yangu ikafika. Mwenyekiti akaniangalia juu ya miwani akasema "wewe ndo nani vile?" Hanikumbuki kabisa! Mwaka na zaidi naogopa mtu asiyenijua. Akachukua nakala, akahesabu, akaniandikia kiasi kilichobaki kwenye karatasi, akaniambia nikishalipa nirudi na risiti. Haikufika dakika kumi na tano. Nilivyotoka nikakaa kwenye kibanda cha chipsi pale nje nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akaniuliza kama niko sawa.

Hati bado, malipo nimeweka maagizo benki mshahara ukiingia tu. Na nimerudi na barabara kuu.

dada Mwanne

Mwambie wifi pole kwa kukosa elfu ishirini.

Karani wa Kariakoo

Kile cheti kaka usirudi kupanga foleni bure, anza kwa kuomba mtandaoni RITA, wale wakala wa serikali wa vizazi na vifo, unapakia nyaraka zako humo. Fanya sasa hivi bado mapema, usisubiri msimu wa mikopo ya wanafunzi, maana bodi ya mikopo inataka vyeti vilivyohakikiwa na RITA na miezi ile vijana wote wanamiminika kwa pamoja.

Mlimani Blok F

Ukurasa mmoja na robo. Nimetuma kwa msimamizi hivyo hivyo. Hajajibu ila angalau sasa anayechelewesha ni yeye.

Kijumbe wa Buguruni

Nusu na robo ya ziada, nimekuandika umefika. Novemba, naita jina lako Jumatatu.

Mzee wa Upanga

Nimekuwa nafuatilia. Sifuti nililosema kuhusu kuamka mapema. Ila Kijumbe, swali la mtu mzima, daftari lako lina umri? Kuna jambo la wosia. Nyumba, shamba la Mkuranga, na watoto wa mama wawili. Kila Ramadhani nasema baada ya Idi.

Karani wa Kariakoo

Shikamoo mzee. Hao hao RITA wanasaidia kuandika wosia na wanautunza kwao. Ukienda uwe na orodha ya mali na majina kamili ya watoto wote, ikiwezekana na nakala za hati. Ukitaka uandikwe kwa taratibu za dini waeleze mapema.

Mzee wa Upanga

Marahaba. Hati ya shamba sijui iko wapi.

Kijumbe wa Buguruni

Basi mzee wangu kiporo chako sio wosia, ni kuitafuta hiyo hati. Nikuandike siku gani?

Mzee wa Upanga

Alhamisi. Kuna sanduku la bati mvunguni sijalifungua tangu tuhame.

Kijumbe wa Buguruni

Alhamisi saa kumi jioni nimeandika. Picha ya sanduku likiwa wazi inatosha.